Wangari Maathai: Mkuyu ulikatwa, kijito kikakauka

Wangari Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, nchini Kenya. Alipokuwa mdogo, mama yake alimtuma kuokota kuni na kumwonya asiguse mugumo, yaani mkuyu. Wakikuyu waliuheshimu kama mti wa Mungu. Karibu na mkuyu huo maji yalibubujika kutoka ardhini yakawa kijito, na Wangari alicheza hapo akitazama mayai ya vyura na viluwiluwi.

Mwaka 1960 alikwenda Marekani kusomea biolojia. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo.

Baadaye alirudi kijijini akakuta mkuyu haupo. Mwenye shamba mpya aliukata ili apate nafasi ya kupanda chai. Kijito nacho kilikuwa kimekauka, na vyura hawakuwepo tena.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba katazo la wazee lilikuwa na faida. Mizizi ya mkuyu huingia chini sana, hupenya kwenye miamba na kuyapa maji njia ya kupanda juu. Pia hushika udongo wa kingo usiporomoke. Miti ikiondolewa, mvua hupiga ardhi tupu, udongo huingia mtoni, na maji hupita haraka bila kuzama ardhini.

Wanawake wa vijijini walimweleza shida zao: kuni zilikuwa mbali na maji yalipungua. Ndipo tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wakapanda miti saba ya asili katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Huo ulikuwa mwanzo wa Green Belt Movement.

Maofisa wa misitu walidhani wanawake wasio na vyeti hawawezi kuotesha miche. Lakini mama aliyezoea kupanda maharage na mahindi anajua mbegu. Wakaanzisha vitalu vyao, na kila mche uliopandwa ukashika ulilipiwa fedha kidogo. Mamilioni ya miti ilipandwa kwa njia hiyo.

Kazi hiyo ilimletea maadui. Mwaka 1989 alipinga jengo refu katika Uhuru Park. Mwezi Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa watu binafsi. Hakuacha, na leo msitu huo upo. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Hakutaka miti ikatwe kwa ajili ya jeneza lake, hivyo lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji.

Msikilizaji, kama kijito cha kwenu kimepungua, waulize wazee ni miti gani ilisimama kando yake zamani. Hiyo ndiyo ya kurudisha kwanza. Mikaratusi ipande mbali na maji, kwa kuwa inakunywa sana. Na ukiacha ukanda wa kingo bila kulima, baadhi ya miti ya zamani itachipua yenyewe.