Constantin von Economo: Mtoto wa mfanyabiashara aliyetafuta makao ya usingizi

Anayesafiri na mzigo usiku kucha, iwe anatokea Busia, Namanga au Rusumo, anajua kwamba usingizi haufukuzwi kwa amri. Kwa muda mrefu watu wengi waliuona kuwa ni mwili kuzimika kwa sababu ya uchovu. Mmoja wa waliobadili fikra hiyo ni daktari Constantin von Economo, aliyefariki dunia mwaka 1931, na ambaye kazi yake bado inaongoza wanasayansi wanaochunguza kemikali za ubongo zinazotufanya tulale au tuwe macho.

Von Economo alikuwa mtu wa mipakani tangu kuzaliwa. Wazazi wake walikuwa Wagiriki. Alizaliwa Agosti 21, 1876 katika mji wa Brăila, bandari ya Mto Danube nchini Romania. Akiwa bado mdogo, familia ilihamia Trieste, bandari kubwa iliyokuwa chini ya dola ya Austria-Hungary na ambayo leo iko Italia. Baba yake alitajirika huko kwa biashara, na baadaye familia ikapewa hadhi ya ubaroni. Kijana huyo alikua akisikia lugha kadhaa nyumbani na mtaani.

Baba alitaka mtoto awe mhandisi. Constantin alikwenda Vienna akasomea uhandisi kwa miaka miwili, kisha akaacha na kuingia udaktari, akahitimu mwaka 1901. Hata hivyo mapenzi ya mitambo hayakumtoka. Alijifunza kurusha ndege wakati ambapo ndege ilikuwa bado kitu cha ajabu, akawa miongoni mwa watu wa kwanza Austria kupata leseni ya kimataifa ya urubani, na kwa miaka mingi aliongoza chama cha usafiri wa anga cha nchi hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, alijitolea kwenda jeshini, na mwaka 1916 alikuwa akirusha ndege za kivita kwenye milima ya mpakani na Italia. Ndugu yake mmoja aliuawa vitani, na wazazi wakamsihi arudi. Alikubali kwa shingo upande. Akarejea Vienna kuwatibu askari waliojeruhiwa kichwani, katika kliniki ya magonjwa ya akili iliyoongozwa na Julius Wagner-Jauregg.

Uamuzi huo wa kifamilia ulimweka mahali ambapo jambo kubwa lilikuwa linaanza. Katika majira ya baridi ya 1916 kuelekea 1917, kliniki ilianza kupokea wagonjwa ambao maelezo yao hayakulingana na maradhi yaliyojulikana. Walianza na maumivu ya kichwa na homa, kisha wakazama katika usingizi mzito. Ukimwamsha mgonjwa, aliweza kujibu maswali, lakini aliposhika kijiko ale, alisinzia tena. Wengi waliona vitu viwili viwili kwa sababu misuli ya macho ilipooza. Wengine walipatwa na kinyume chake: hawakulala usiku, na miili yao haikutulia.

Von Economo alikumbuka habari alizosikia kwao kuhusu ugonjwa ulioitwa nona, uliopita kaskazini mwa Italia karibu na mwaka 1890. Akahisi kwamba mambo hayo yalikuwa ya jamii moja. Mwaka 1917 alitangaza ugonjwa huo na kuupa jina la ensefalaitisi letajika, yaani uvimbe wa ubongo unaoleta usingizi. Ufaransa, nchi iliyokuwa upande wa pili wa vita, daktari Jean-René Cruchet alieleza wagonjwa wa namna hiyo majira hayo hayo. Majeshi yalikuwa yamefunga mipaka, lakini ugonjwa ulivuka.

Ugonjwa huu si malale yanayoenezwa na mbung'o, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 yaliua watu wengi sana upande wa Uganda kandokando ya Ziwa Victoria. Ule wa Vienna haukuhitaji mdudu huyo. Ulienea katika mabara kadhaa hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, ukaua watu wengi, na miongoni mwa waliopona wengi walibaki wakitetemeka au wamekakamaa kwa miaka. Chanzo chake hakijathibitishwa hadi leo.

Kilichomtofautisha von Economo ni kwamba hakuishia kitandani pa mgonjwa. Aliwapasua waliofariki na kuzitazama bongo zao kwa darubini. Akaona mpangilio: waliokufa wakiwa katika usingizi mzito walikuwa na uharibifu sehemu ya nyuma ya haipothalamasi, kiungo kidogo kilicho chini ya ubongo, mahali kinapopakana na ubongo wa kati. Waliokosa usingizi walikuwa na uharibifu sehemu ya mbele. Kwa hiyo alihitimisha kwamba upande mmoja huamsha na mwingine hulaza, na kwamba usingizi ni kazi ambayo ubongo wenyewe huifanya.

Mwaka 1919 alimwoa Karoline, binti wa ukoo wa kifalme wa Schönburg-Hartenstein. Mwaka 1925, akishirikiana na Mgiriki mwenzake Georg Koskinas, alitoa atlasi kubwa ya tabaka la juu la ubongo, ambamo walieleza seli zinazoitwa kwa jina lake hadi sasa. Alifariki Vienna Oktoba 21, 1931 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 55.

Jibu la swali lake lilikamilika kidogo zaidi mwaka 1998, pale makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalipogundua, kila moja kwa njia yake, peptidi inayotengenezwa na mwili wenyewe. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vijenzi vile vile vya protini. Kundi moja liliiita oreksini, jingine haipokretini. Seli zinazoitengeneza ni chache, nazo ziko katika haipothalamasi, eneo ambalo von Economo alilichunguza. Kazi yake kubwa ni kutuweka macho. Mwaka 2000 ilibainika kwamba watu wenye nakolepsia, ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana, wamepoteza seli nyingi za aina hiyo. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya usingizi inayofanya kazi kwa kuizuia peptidi hiyo.

Kwa dereva na mfanyabiashara aliye njiani, maana yake ni moja: anayesinzia kwenye usukani hakosi ujasiri, ila ubongo wake umeshaanza kazi ambayo nia peke yake haiwezi kuizuia. Hapo dawa ni kusimamisha gari na kulala.