Mtu aliyeupa moshi kazi: maisha ya Alfred Büchi, baba wa turbo

Kamio ikitoka Salamabila kuja Kasongo, watu wa kijijini wanaisikia mbele ya kuiona. Kwanza ngurumo, halafu mluzi mwembamba unaopanda pale shofere anakanyaga kwa kumaliza kilima. Watoto wa barabarani wanauiga kwa midomo. Mluzi ule ni wa turbo, na turbo iko na baba yake: Alfred Büchi, Mswisi aliyetumia miaka 20 akitafuta namna ya kurudisha kazini kile ambacho moteri inatupa.

Alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 huko Winterthur, mji wa viwanda kaskazini mwa Uswisi. Baba yake alikuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Sulzer, iliyotengeneza mashini nzito. Mwaka uleule, kijana mmoja Mjerumani alikuwa kwenye karakana za Sulzer, hapohapo Winterthur, akijifunza kazi. Jina lake Rudolf Diesel. Mtoto mchanga na kijana yule hawakuwa na habari mmoja kwa mwingine, lakini moteri ya huyu ilikuja kukutana na turbo ya yule, na mpaka leo haziachani.

Büchi alisoma uinjinia wa mashini kwenye shule kubwa ya ufundi ya Zurich, akamaliza mwaka 1903. Akaenda kufanya kazi Ubelgiji, halafu Uingereza. Kwa huku Maniema, ilikuwa miaka 10 tu tangu Kasongo itekwe na majeshi ya mfalme Leopold mwaka 1893, na mizigo yote ilikuwa bado inapita juu ya vichwa vya watu. Motokari hakuna. Mashini za kijana Büchi zilikuwa za viwandani na za meli, na kitu kimoja juu yake kilimsumbua akili: zilikuwa zinakula sana, na sehemu kubwa ya chakula ilitoka nje bila kufanya kazi.

Hapo ni vizuri kusimama kidogo. Moteri ikichoma mazuti, si nguvu yote inafika kwenye magurudumu. Sehemu moja inachukuliwa na maji ya radiateri, na sehemu nyingine, karibu theluthi, inatoka na moshi. Moshi ule unatoka na moto mkali na kwa kusukuma. Mtu aliyeweka mkono karibu na tiyo ya kamio iliyobeba anajua. Büchi akajiuliza: ule moshi unaokimbia, kwa nini usizungushe gurudumu? Na gurudumu hilo, kwa nini lisizungushe lingine upande wa pili, la kufinya hewa na kuiingiza kwa nguvu ndani ya silinda? Hewa ikiwa nyingi, mazuti mengi yanaweza kuungua vizuri, na moteri ileile inatoa nguvu ya moteri kubwa.

Tarehe 16 Novemba 1905, akiwa na miaka 26, alipata cheti cha uvumbuzi Ujerumani kwa wazo hilo. Kwenye mchoro wake, kifinyio cha hewa, moteri na gurudumu la moshi vilikaa kwa mstari kwenye mhimili mmoja. Kwenye karatasi ilikuwa safi. Kwenye chuma ilikuwa shida.

Alirudi Uswisi, akaingia Sulzer, kampuni ya baba yake. Mwaka 1911 Sulzer ikafungua mahali pa majaribio ya mashini hizo. Mwaka 1915 Büchi akaonyesha turbo yake ya kwanza. Ilikusudiwa kusaidia moteri za ndege, maana juu kabisa hewa ni nyembamba na moteri inakosa pumzi. Haikudumu. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu apate cheti, na hakuwa na mashini hata moja ya kumwonyesha mnunuzi.

Habari ya hewa nyembamba si ya ndege peke yake. Shofere anayepanda kutoka Uvira kwenda Bukavu anaijua bila kuisoma: Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hapo hewa imepungua kama sehemu 15 kwa 100. Moteri isiyo na turbo inaanza kukohoa moshi mweusi na kuomba gia ya chini. Wakati Büchi anahangaika, wengine walishika wazo lilelile. Mfaransa Auguste Rateau alilifanyia kazi kwa ndege za vita, na mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha moteri ya ndege mpaka juu ya mlima Pikes Peak, mita 4,300, kuonyesha kwamba turbo inairudishia nguvu. Mwenye wazo la kwanza alikuwa bado Winterthur na majaribio yake.

Mlango ulifunguka miaka ya 1920. Juni 1924, turbo kubwa ya kwanza ya kazi nzito ilitoka kwenye kiwanda cha Brown Boveri, mji wa Baden, ikapelekwa Winterthur kufungwa kwenye moteri ya majaribio. Halafu zikaja meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig. Kila moteri yake, ya silinda 10, ilikuwa ya nguvu za farasi 1,750. Walipoifunga turbo chini ya usimamizi wa Büchi, ikafika 2,500. Moteri ileile, chuma kilekile, farasi 750 zaidi, na zimetoka kwenye moshi.

Lakini kilichompa jina la kudumu ni tiyo. Ndiyo, tiyo! Mwaka 1925 Büchi aliomba cheti kingine, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa ameona kwamba moshi hautoki kama maji ya mto. Unatoka kwa mapigo, puu, puu, kila silinda kwa zamu yake. Kama tiyo zote zinaingia kwenye chumba kimoja kipana, pigo la silinda moja linazuia pumzi ya nyingine, na nguvu ya mapigo inafia mulemule. Yeye akagawa silinda kwa makundi, akalipa kila kundi tiyo yake nyembamba mpaka kwenye turbo, ili pigo lifike likiwa bado na ukali. Na valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi akaziacha wazi pamoja kwa muda mfupi, hewa safi ikafagia moshi uliobaki ndani. Kuanzia hapo mashini ikatii. Miaka 20 watu walikuwa wanatazama gurudumu, kumbe sehemu kubwa ya siri ilikuwa kwenye njia ya kulifikia.

Mwaka 1926 akaunda ushirika na kampuni mbili: Brown Boveri ya kutengeneza turbo, na kiwanda cha mashini na treni cha Winterthur cha kutoa moteri za majaribio. Yeye mwenyewe alibaki na uinjinia na wateja. Sulzer, nyumba ya baba yake, haikuwa ndani ya ushirika huo. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer, ya Uswisi pia, ikatoa moteri ya kamio yenye turbo. Njo hapo kazi ya Büchi iliposhuka kutoka baharini ikagusa barabara. Mwaka 1954 Volvo wa Sweden wakaifunga kwenye kamio yao ya Titan.

Sasa turbo ilileta shida yake nyingine, na mtu yeyote aliyepiga pompi ya kinga anaijua. Pompi inapata moto upande wa chini, kwa sababu hewa ikifinywa inachemka. Ndani ya turbo ni hivyohivyo, na zaidi. Hewa ya Kasongo inayoingia na nyuzi 30, ikifinywa mara mbili, inaweza kutoka na nyuzi zaidi ya 120. Hewa ya moto inapanuka, kwa hiyo silinda inapokea hewa kidogo kuliko turbo ilivyoahidi, na moteri inaungua kwa joto kali. Dawa yake ni intakula: radiateri ya hewa, inayokaa katikati ya turbo na moteri. Ikiishusha ile hewa mpaka nyuzi 60, silinda inapata karibu moja ya tano zaidi, bila turbo kuzunguka hata mara moja zaidi.

Njo maana garajini swali linarudi kila wakati: gari hii tuifungie intakula kubwa zaidi? Land Cruiser yenye moteri ya 1HD-T, ile ya tangu mwaka 1990, ilitoka kiwandani na turbo bila intakula, na hiyo inafaidika kweli. Ile ya 1HZ ilitoka bila turbo kabisa. Mfinyo wake wa ndani ni mkali tayari, na kuiongezea turbo kubwa bila kujua ni kujitafutia kichwa cha moteri kilichopasuka katikati ya Kabambare, mahali ambapo piesi inangojwa wiki na mzigo unaoza juu ya gari.

Na ukubwa peke yake haumalizi habari. Intakula inakaa mbele ya radiateri ya maji. Ikiwa nene sana inaiibia radiateri upepo, na kamio inayotambaa kwenye matope na gia ya kwanza haina upepo wa kutosha kwa yote mawili. Maji yanachemka. Kwa barabara za huku, intakula pana na nyembamba ni nzuri kuliko nene, na mapezi yasiyobanana sana ni bora, maana matope yakikauka kati ya mapezi membamba inakuwa ukuta. Ile ya kuokota kwenye gari lililokufa inafaa pia, ila kwanza isafishwe ndani. Turbo iliyokufa inatapika mafuta na vipande vya chuma, na vyote vinaingia mulemule. Mwenye haraka ataviingiza kwenye moteri mpya.

Halafu tiyo, somo la Büchi lenyewe, ingawa yeye alilipata upande wa moshi. Watu wanapenda tiyo pana kwa kuona kwamba kipana kinapitisha zaidi. Lakini tiyo ikipita kipimo, turbo inapaswa kuijaza kwanza kila shofere anapokanyaga, na gari linachelewa kuitika, kilima hakingoji. Ikiwa nyembamba sana, inakaba. Kipimo cha kuanzia ni mdomo wa turbo yenyewe, au kupita kidogo tu, na kona ziwe chache na za kuzunguka taratibu. Kona moja iliyokunjwa kwa nyundo inaweza kula faida yote ya intakula mpya. Mwisho wa kila tiyo uwe na ukingo ulioinuka, ili mpira usichomoke. Mpira uwe wa silikoni yenye tabaka za kitambaa ndani, si mpira wa maji ya radiateri; ule unavimba kwa mvuke wa mafuta na unapasuka siku ya mzigo mkubwa. Ikipasuka, mluzi unageuka kuwa kelele ya kupuliza, moshi mweusi unajaa barabara, na mazuti yanaisha mbele ya Kipaka. Kuna mashofere waliobadilisha pompi ya mazuti, wakabadilisha na turbo, kumbe shida ilikuwa ufa wa urefu wa kidole kwenye mpira. Maji ya sabuni na upepo kidogo wa kompresa vingeonyesha mapovu kwa dakika tano.

Tena, intakula ikifungwa bila kugusa pompi ya mazuti, faida ya kwanza ni moteri kupoa na moshi kuwa safi, nguvu inaongezeka kiasi tu. Anayekimbilia kufungua pompi siku ileile anarudisha joto lote alilolipia kuliondoa.

Alfred Büchi alifariki Winterthur, mji aliozaliwa, tarehe 27 Oktoba 1959, akiwa na miaka 80. Kongo ilikuwa imebakiza miezi nane kupata uhuru. Meli, treni na makamio yalikuwa tayari yanatumia turbo, lakini motokari ndogo hazikuwa bado. Zilikuja mwaka 1962 huko Marekani, Oldsmobile na Chevrolet, na wateja hawakuzipenda sana. Oldsmobile yake ilidumu miaka miwili tu sokoni. Ilibidi bei ya mafuta ipande mwaka 1973 ndipo watengenezaji wa magari waanze kuuangalia tena ule moshi.