Kikohozi kilichomwandama Steve McQueen

Steve McQueen, mwigizaji wa Marekani aliyetamba katika filamu za The Great Escape (1963) na Bullitt (1968), alianza kusumbuliwa na kikohozi kisichokoma mwaka 1978. Aliacha sigara, akameza dawa za kuua bakteria, lakini hakupata nafuu. Pumzi nayo ikaanza kumbana. Desemba 1979 madaktari waligundua kuwa ana mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, ambayo husababishwa hasa na vumbi la asbesto.

Mwenyewe aliamini chanzo kilikuwa jeshini. Alijiunga na kikosi cha wanamaji mwaka 1947, na huko aliwahi kubandua asbesto kwenye mabomba ya meli. Nyuzi zake zikishavutwa huweza kukaa mwilini miaka 20 hadi 50 kabla ya saratani kujitokeza. Hivyo kikohozi, maumivu ya kifua na kuishiwa pumzi hudhaniwa kuwa maradhi ya kawaida, hasa daktari asipouliza mgonjwa alifanya kazi gani ujanani.

McQueen alikimbilia Mexico kutafuta tiba ambazo madaktari wa kwao hawakuzitambua. Alifariki Novemba 7, 1980, mjini Ciudad Juárez, baada ya kupasuliwa kuondolewa uvimbe, akiwa na umri wa miaka 50.