John Williamson, mtu wa almasi ya Mwadui

John Williamson alizaliwa Canada munamo mwaka 1907, akasomea mambo ya mawe mupaka kuwa daktari wa jiolojia. Inchini Tanganyika, kampuni iliyomuajiri iliona Mabuki haina faida, ikaachana nayo. Yeye akabakia, akiishi kwa kukopa. Mawe machache juu ya udongo hayakumtosha: alitafuta mwamba wa kimberlaiti yanakotoka, tena wenye almasi ya kutosha, sababu mingi haina ya kulipa kazi. Munamo Machi 1940 akaupata Mwadui, hektari 146. Chopra, wakili wa Mwanza, aliyemsaidia feza, akawa mshirika wake. Williamson alikufa 1958, na miaka 50 tu. Mwaka huohuo ndugu zake wakauzia De Beers na serikali ya kikoloni mgodi ule.