Fülleborn na Mnyoo Asiye na Jina

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si tabibu. Hata hivyo, kisa cha jirani yangu mmoja hapa Mutuini kilinilazimu kuyafuatia maisha ya daktari aliyefariki zamani. Mzee huyo alisumbuliwa na pumu, akawa kwa miezi kadhaa anameza vidonge vya steroidi alivyonunua pasipo cheti cha daktari. Tumbo likaanza kumsokota, kisha akashikwa na kikohozi na homa kali. Wanawe walimpa dawa ya kawaida ya minyoo, isimfae. Hatimaye daktari mmoja aliamuru kinyesi na makohozi yake vitazamwe kwa hadubini, na kote kuwili wakaonekana mabuu ya mnyoo. Mzee aliponea chupuchupu.

Nilipouliza jina la mnyoo huyo kwa Kiswahili, sikupata jibu. Lugha yetu inayo safura, tegu na kichocho. Huyu hana jina, ila lile la kitaalamu, strongiloide. Katika kumtafutia jina ndipo nilipokutana na Friedrich Fülleborn.

Fülleborn alizaliwa mwaka 1866 mjini Kulm, uliokuwa chini ya Prussia na ambao leo umo nchini Poland. Alisomea udaktari, na mwaka 1896 akaja Afrika Mashariki ya Kijerumani, nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, akiwa daktari wa jeshi la kikoloni. Hiyo ndiyo miaka jeshi hilo lilipokuwa likimwandama Mkwawa wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898. Baadaye Fülleborn alifuatana na msafara wa kisayansi hadi Ziwa Nyasa na milima ya Ukinga. Alikusanya samaki na ndege, na hata leo wapo ndege wa nyanda za juu za Tanzania, na samaki wa ziwa hilo, wanaobeba jina lake katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1906 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma.

Msomaji asidhani kwamba namvisha taji. Mtu huyu pia aliipima miili ya wenyeji kwa mizani ya elimu ya siku zile, iliyowapanga wanadamu kwa makundi kana kwamba ni vielelezo vya makavazi, na mwaka 1902 akayachapisha aliyoyapata. Kosa hilo halifutiki kwa sababu ya mema yaliyofuata.

Mwaka 1901 alijiunga na taasisi ya magonjwa ya mabaharia na ya nchi za joto mjini Hamburg, na huko ndiko alikofanya kazi iliyomdumishia jina. Mnyoo wetu alikuwa amegunduliwa mwaka 1876 na daktari Mfaransa, Louis Normand, katika askari waliorejea kutoka Indochina wakiendesha. Arthur Looss naye, akiwa Cairo, alikuwa amegundua kwamba mabuu ya safura huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Lakini kutoka ngozini hufikaje utumboni? Fülleborn aliwafanyia mbwa majaribio, na mwaka 1914 akaieleza njia yenyewe: mabuu huchukuliwa na damu hadi moyoni, hupita mapafuni, hupanda hadi kooni, humezwa, kisha hushuka utumboni.

Mwaka 1926 alieleza jambo zito zaidi. Mabuu ya strongiloide yanaweza kukomaa kabla hayajatoka mwilini, yakapenya ngozi ya mwenyeji wao yuleyule na kuanza safari upya. Kwa hiyo mtu hujiambukiza mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, hata kama hakanyagi tena udongo mchafu. Ushahidi wake ulikuja kuonekana kwa wanajeshi wa Uingereza waliotekwa na Wajapani na kulazimishwa kujenga reli ya Thailand na Burma. Zaidi ya miaka 30 baada ya vita, baadhi yao walikutwa bado na mnyoo huyo. Fülleborn hakuwahi kuliona hilo. Alikuwa mkurugenzi wa taasisi yake tangu 1930, akafariki mwaka 1933.

Maadamu kinga ya mwili ina nguvu, mnyoo huyu hukaa kimya. Kinga ikidhoofishwa na steroidi, dawa za saratani, dawa za waliopandikizwa viungo, au virusi viitwavyo HTLV-1, huzaana pasipo kiasi. Mabuu hutapakaa mwilini yakibeba bakteria wa utumboni hadi kwenye damu, mapafu na hata ubongo, na wengi wa wanaofikia hali hiyo hufariki. Mwaka 2020, steroidi ilipothibitika kuwasaidia wagonjwa mahututi wa korona, madaktari walikumbushana hatari hii.

Dawa inayomfaa mnyoo huyu ni ivamektini. Albendazoli, ambayo watoto wetu hupewa shuleni, humpunguza kidogo tu ikinywewa mara moja. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba ivamektini itolewe kwa umma mahali ambapo mnyoo huyu ameenea.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, kisichokuwa na jina hakiulizwi. Jirani yangu hakuulizwa lolote duka alilonunulia vidonge, naye asingejua la kujibu. Napendekeza tumwite mnyoo mrejeaji, kwa kuwa tabia yake ndiyo hiyo. Mwenye jina bora na alilete. Lakini jina lo lote tutakalolichagua, na liingie katika masomo ya sayansi, ili mtu anayetaka kuanza steroidi ajue kumwambia daktari: nipimeni kwanza mnyoo huyu.