Alexandre Dumas, kalaki mwenye hadithi tamu

Watu wengi wanawaza kwamba buku nene ni la wale wenye diplome. Leo tunawaletea maisha ya mutu aliyeandika mabuku ya namna ile, na yeye mwenyewe hakusoma masomo makubwa.

Alexandre Dumas alizaliwa tarehe 24 Julai 1802 ku Villers-Cotterêts, muji mudogo wa Ufaransa. Nyanya yake, Marie-Cessette, alikuwa mutumwa mweusi ku kisanga cha Saint-Domingue, inchi ya Haiti ya leo. Baba yake alizaliwa mu utumwa, akaingia mu jeshi, akapanda mpaka kuwa jenerali. Lakini alifungwa mu Italia karibu miaka miwili, akarudi na ugonjwa, akafa mwaka 1806. Mutoto hakufika hata miaka mine. Serikali ya Napoléon ikamunyima mujane pensheni. Uchungu ule, wajane wengi wanaujua.

Mwaka 1823 Dumas akaenda Paris kutafuta kazi. Hakuwa na kitu, paka mwandiko muzuri. Ju ya mwandiko ule akawa kalaki mu ofisi ya Duc d'Orléans, franka 1.200 kwa mwaka. Mwenzake mumoja wa ofisi akamuonyesha mabuku ya kusoma. Muchana alinakili barua, usiku alisoma. Yale ndiyo yalikuwa masomo yake.

Mwaka 1844 hadithi yake Les Trois Mousquetaires ikatoka mu gazeti Le Siècle, kipande kwa kipande. Kipande kilikatika pale penye utamu, watu wakangojea kesho. Kisha ikafuata Le Comte de Monte-Cristo mu gazeti lingine, mpaka 1846. Humo baharia Edmond Dantès anafungwa bure miaka 14. Siku moja anasikia mutu anachimba ndani ya ukuta: ni padri muzee, muchimbaji wa vyombo alivyojitengenezea. Muzee anamufundisha mayele yote mu giza lile. Wenye kushuka chini ya udongo wataelewa haraka kuliko wengine.

Mu inchi ya Kuba, wafanyakazi wa sigara walichanga makuta yao wenyewe kumulipa mutu awasomee mabuku wakati mikono inafanya kazi. Buku hilo walilipenda sana, na sigara ya Montecristo ikapata jina lake humo.

Hatufichi makosa yake. Auguste Maquet alimusaidia sana, lakini jina lake halikuandikwa juu ya buku, wakafika mpaka ku tribinali. Makuta nayo yalipita mu vidole vyake kama maji: alijenga nyumba kubwa, akalisha kila mugeni, na mwaka 1851 akakimbilia Ubelgiji, wadai nyuma yake. Wengine walimuchekelea ju ya rangi yake. Yeye aliendelea kuandika.

Alikufa tarehe 5 Desemba 1870. Mwaka 2002 Ufaransa ikahamisha mwili wake na kuulaza mu Panthéon, pamoja na wakubwa wa inchi.

Sisi tunawaza hivi: kusoma kwa furaha tu si kupoteza wakati. Baba akirudi kazini, mama akimaliza kupika, mutoto wa masomo asome kipande kimoja kwa sauti, wengine wasikilize. Neno gumu likija, wamuulizane. Kesho mutauliza wenyewe: Dantès alitoka namna gani?