Jenerali Bruce, Mbung'o na Jina la Kariakoo

Mtu ashukaye kwenye basi pale Kariakoo, akajipenyeza katikati ya wachuuzi kuelekea Soko Kuu, jengo lililochorwa na Ndugu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, kisha likaungua Julai 2021, mara nyingi hana habari kwamba anakanyaga ardhi ya kambi ya jeshi. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, na mahali hapo wakaweka wapagazi wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ndimi zetu zililitengeneza jina hilo likawa Kariakoo. Waliokufa miongoni mwa wapagazi wa upande wa Waingereza katika vita ile, kwa hesabu za serikali yao wenyewe, walizidi 40,000, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa maradhi na njaa.

Hapo pana swali ambalo watu hawalitupii macho. Jeshi lililokuwa na mizinga, meli na magari lilitaka nini kwenye vichwa na mabega ya makabwela? Jibu lake ni mdudu: mbung'o. Na aliyeuthibitishia ulimwengu kazi ya mdudu huyo, miaka ishirini na mmoja kabla ya kambi ile kuwekwa, ni daktari wa jeshi hilo hilo, Jenerali Sir David Bruce, ambaye tumeona leo tuieleze sira yake.

Alizaliwa Melbourne, Australia, tarehe 29 Mei 1855, wazazi wake wakiwa Waskoti, nao wakamrudisha kwao Stirling angali mtoto. Akiwa na miaka kumi na minne aliacha shule akaenda kufanya kazi katika ghala huko Manchester. Alikuwa na mwili wa nguvu na tamaa ya kuwa mwanamichezo, lakini homa ya mapafu ilimwangusha alipofikia miaka kumi na saba, akarudi kwenye masomo. Alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1881. Mwaka 1883 alimwoa Mary Elizabeth Steele, binti wa daktari, na mwaka huo huo akaingia katika utabibu wa jeshi.

Kituo chake cha kwanza ng'ambo kilikuwa kisiwa cha Malta, mwaka 1884. Askari wa Kiingereza walikuwa wakilala hospitalini miezi kwa miezi kwa homa isiyojulikana chanzo chake. Bruce alichukua wengu za marehemu, akazitazama kwa hadubini, na mwaka 1887 akatangaza kwamba amekipata kidudu kinacholeta homa hiyo. Lakini kilikuwa kikiingiaje mwilini? Hilo alishindwa kulijua kwa takriban miaka ishirini. Aliyeligundua ni mwana wa kisiwa hicho, Daktari Themistocles Zammit, akifanya kazi katika tume iliyoongozwa na Bruce: mwaka 1905 aliwapima mbuzi waliokuwa wazima kwa macho, akakuta wamekibeba kidudu, na maziwa yao ndiyo njia. Maziwa ya mbuzi yalipopigwa marufuku katika kambi mwaka uliofuata, ugonjwa ulitoweka kwa askari kama uliofagiwa. Mwaka 1920 wataalamu walilipa kundi zima la vidudu hivyo jina Brucella, kwa heshima ya Bruce. Zammit hakukumbukwa katika jina hilo. Sisi tunaliona jambo hilo si la insafu, na wasomaji wetu wa visiwani hawatahitaji kuelezwa zaidi. Ugonjwa wenyewe tunao bado katika mifugo ya nchi hii, na maziwa mabichi yanaendelea kuuzwa mijini mwetu. Maafisa wa afya wanalijua jambo hilo kuliko sisi.

Mwaka 1894 Bruce alipelekwa Ubombo, katika nchi ya Wazulu, kuchunguza nagana, ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe na farasi. Jina nagana ni la Kizulu, na Wazulu walikuwa wakisema siku zote kwamba balaa hilo hufuatana na wanyama wa porini. Bruce na mkewe walisafiri kwa gari la kukokotwa na maksai, wakapiga kambi juu ya kilima. Aliwateremsha wanyama wazima hadi bonde lenye mbung'o, akawapandisha tena, akatazama damu yao. Mwaka 1895 alitoa taarifa yake: kimo kimelea katika damu, mbung'o ndiye amchukuzi, na wanyama wa porini ni ghala lake. Wazulu walikuwa wamesema kweli. Kimelea hicho nacho kikapewa jina la Bruce.

Ilipozuka vita vya Makaburu alizingirwa Ladysmith, tangu Novemba 1899 hadi mwisho wa Februari 1900. Huko akawa mpasuaji kwa maana halisi ya neno, akikata na kushona majeruhi, mkewe akiwa muuguzi wake katika chumba cha upasuaji. Bibi huyo alitunukiwa nishani kwa kazi hiyo.

Machi 1903 alifika Entebbe. Malale, ambayo Waganda waliyaita mongota, yalikuwa yamekwisha kuwaua watu kwa makumi ya maelfu kandokando ya Ziwa Viktoria. Kabla wimbi hilo halijatulia waliokufa katika Uganda walipita 200,000. Daktari kijana wa Kitaliani, Aldo Castellani, alikuwa ameviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, naye akamweleza Bruce. Juu ya nani apewe fadhila wawili hao na marafiki zao waligombana miaka mingi, ugomvi ambao hauna faida kuurejea. Sisi tunapenda kumtaja mtu wa tatu, Katikiro Apolo Kagwa. Machifu na wamishenari waliombwa wakusanye nzi wa kila pembe ya nchi, na Kagwa alilisimamia jambo hilo kwa mamlaka yake. Furushi za nzi zilimiminika Entebbe pamoja na habari za mahali walipokamatwa. Zilipotiwa katika ramani, mahali penye mbung'o, au kivu kwa Kiganda, na mahali penye malale palikuwa pamoja. Kama si watu wa Kagwa, ramani hiyo isingechorwa katika miezi michache.

Elimu ikapatikana, matumizi yake yalikuwa jambo jingine. Mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell alianza kuwahamisha watu kutoka pwani ya ziwa, na kufikia 1909 visiwa vya Sese navyo vilikuwa vimeachwa vitupu. Mwambao ulipona, hatuwezi kulikana hilo. Lakini wavuvi wa Sese walitolewa katika mitumbwi yao, makaburi ya wazee wao na migomba yao kwa amri, na zaidi ya miaka kumi ikapita kabla ya kuruhusiwa kurudi; wengine hawakurudi kabisa. Kisiwani humo humo, mwaka 1906 na 1907, Robert Koch wa Ujerumani alikuwa akiwadunga wagonjwa dawa ya atoksili, yenye zarniki, na baadhi yao wakapofuka. Bruce mwenyewe alirudi Uganda mwaka 1908, mwaka aliopewa cheo cha Sir, akaendelea na uchunguzi hadi 1910, kisha akafanya kazi Nyasaland tangu 1911 hadi 1913. Ujenerali alikuwa ameupata mwaka 1912.

Vita vikuu vilipoanza mwaka 1914 alikuwa mkuu wa Chuo cha Utabibu cha Jeshi, London, akishughulikia pepopunda na homa ya mahandaki. Taarifa yake ya nagana ilikuwa kabatini tangu 1895. Hata hivyo mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia nchini kwetu na farasi, nyumbu na maksai, akawapitisha katika nyika za mbung'o, na wanyama wakafa kwa maelfu kwa nagana na kwa maradhi mengine ya farasi. Wanyama walipokwisha, wakakamatwa watu. Hatumlaumu Bruce kwa hilo, kwa maana hakuongoza jeshi lile; tunawalaumu wale waliokuwa na elimu mkononi wakaona mpagazi ni rahisi kuliko tahadhari. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, inawakumbuka wapagazi hao pamoja na askari.

Bruce alistaafu mwaka 1919. Lady Bruce, aliyemchorea picha za vimelea, akamshikia hadubini na kulala naye katika mahema ya Ubombo na Uganda, alifariki tarehe 23 Novemba 1931. Siku nne baadaye, ibada ya mazishi yake ikiendelea, mumewe naye akakata roho. Alikuwa ameacha usia kwamba yeyote atakayeandika habari za maisha yake aitaje sehemu ya mkewe katika kazi hiyo.